Vidonge Chini ya Kitanda

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Natumaini barua hii itakukuta umelala ubavu kama daktari alivyokuagiza, na huyo aliye tumboni anakupiga mateke ya kutosha. Mimi ni mzima. Goti ni lile lile, paa linavuja pale pale, na kuku wa jirani bado anadhani mlango wangu ni wake.

Anayeandika ni Mama Redio, tunayeishi naye ukuta mmoja. Unajua mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Nimemwambia aandike kila neno ninavyolitamka, hata ya kumsema yeye. Amekubali, ingawa namwona amevuta mdomo.

Mume wetu, uliyemtuma aje kunichukua, amefika salama. Wewe unamlisha, mimi namsifu, kwa hiyo ni wetu sote. Yuko nje, ameketi garini na mlango wazi, anadhani nafunga mizigo ya kuja kwenu. Sifungi kitu. Ningekueleza kwa simu, lakini siku ile uliponipigia ulilia mpaka nikawa nasikia pua kuliko maneno. Barua huwezi kuikatiza.

Kisa chenyewe kilianza na chekeche. Mama Redio alikuja kuazima chekeche langu la unga, akanikuta nimepiga magoti navuta gunia kutoka chini ya kitanda. Akauliza lina nini. Nikamwambia, vidonge vyangu. Akauliza viko vingapi. Nikamwambia sijui, nikipata naongeza tu, raha yangu kuviona vinajaa. Akauliza mbona sivitumii. Nikamjibu kwamba navitunza, siku ikifika nitavimaliza vyote. Basi akatoka uso umemshuka kama ametoka kuzika, na chekeche akaliacha. Kufika kwake akakupigia wewe simu, kwamba bibi yako hamezi dawa ya moyo, anaikusanya gunia zima na siku yake ameshaipanga.

Sasa mke mwenzangu, tangu lini uzi uliokunjwa ukaitwa jina jingine? Donge la uzi ni donge, likiwa dogo ni kidonge. Mama Redio anasema yeye kwake kidonge ni cha kumeza. Nimemwambia donge analo yeye, rohoni, kwa sababu gunia langu ni zuri na lake limejaa magazeti. Ameandika hilo pia. Ana moyo.

Nikueleze na gunia, ulione kwa macho yangu. Uzi mpya wa dukani siupendi, unajiona. Mimi naenda kwa muuza mitumba, nachagua masweta ya watu wazima yaliyochoka viwiko. Namwambia anipunguzie kwa sababu yana matundu, naye anasema, bibi, si utayafumua hata hivyo. Nikifika nyumbani nakata mshono wa begani, natafuta ncha, navuta. Sweta la jitu zima linaondoka kama uvumi. Uzi unatoka umejikunja kama nywele za mtoto, naufua, nauning'iniza na chupa ya maji kwa chini unyooke, kisha naukunja. Ninao wa rangi ya kutu, wa majani makavu, bluu tatu zisizopatana, na mweupe mmoja laini uliokuwa sweta la mtu mwenye fedha zake. Mara nyingine nalimwaga gunia lote kitandani, napanga, nabadilisha, narudisha. Sifumi hata kitanzi kimoja siku hiyo. Mama Redio anauliza faida yake nini. Na yeye akikaa dirishani kutwa, faida yake nini?

Kwa mtoto nimeshafuma kofia mbili, soksi za kutosha hata akizaliwa na miguu minne, na shali. Lililobaki ni sweta jeupe. Hilo ndilo nililotaka litoke safi, kila kitanzi kikae sawa na mwenzake, kwa sababu ndilo atakalovaa siku ya kutolewa hospitali, na watu watalishika na kuuliza nani kafuma.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Mama Redio, andika.

Vidonge vya moyo vinanitetemesha vidole. Havinisumbui nikipika wala nikifagia, lakini nikishika sindano za kufumia, vitanzi vinaponyoka kimoja kimoja, na kisweta cha mtoto hakina nafasi ya kuficha kosa. Nilipoanza hilo jeupe nikaacha kumeza. Nilijiambia nitarudi nikimaliza. Na kwa kuwa muuguzi wa zahanati ana tabia ya kupita na kuuliza pakiti ziko wapi, nikazificha. Ukikunja uzi lazima uwe na kiini cha kuanzia. Wengine wanaweka kokoto. Mimi niliweka pakiti za dawa. Kwa hiyo chini ya kitanda vilikuwamo vidonge ndani ya vidonge, na huyu niliyemcheka alikuwa amesema kweli bila kujua.

Hapa kalamu imesimama. Ananitazama. Nimemwambia aendelee, ugomvi tutaufanya barua ikiisha.

Na kuna siku nilishika ukuta, chumba kikazunguka, nikajiambia ni njaa. Haikuwa njaa, nilikuwa nimetoka kula.

Siku ile kwenye simu, katika kilio chote kile, neno moja nililisikia vizuri. Ulisema, “Bibi, nguo zinauzwa. Bibi hauzwi.” Nilikujibu vibaya, nikasema mtoto wa dukani avae ya dukani, nikakata. Kisha nikakaa na lile sweta mapajani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha, mzuri mpaka nikauonea aibu. Nikavuta gunia, nikafumua donge moja moja mpaka kwenye kiini, nikatoa pakiti zote. Nikameza kidonge cha siku hiyo. Tangu hapo nameza kila asubuhi, na mkono wa kushoto nimeufuma hivyo hivyo, natetemeka.

Kwa hiyo mume wetu atarudi na kifurushi na barua, si na mimi. Hapa nina ukuta wangu na mtu wa kugombana naye, na huyu Mama Redio atakuja kila asubuhi anione nikimeza. Akitaka kutangaza, atangaze hilo. Pakiti moja nimemkabidhi mume wetu amwonyeshe daktari wako, aulize kama ipo dawa isiyoniandama vidole. Kama haipo, haipo. Mtoto akilia, niiteni, nitakuja kwa miguu yangu, na gunia langu mnitafutie pa kuliweka.

Ukilifungua sweta utaona mkono wa kulia umekaza na wa kushoto umelegea kama meno ya mzee. Usiufumue. Na kuanzia sasa, nguo yoyote nitakayokuletea iangalie kwanza vitanzi. Vikiwa vimekaa ovyo, lala usingizi. Vikiwa sawasawa kila kimoja, usipige simu. Njoo.

Mpe mume wetu chakula, hapa amekunywa chai tu kwa kuogopa kuniudhi. Msalimie mama yako, na haya ya vidonge mwambie sijayasema. Na aliye tumboni mwambie asiharakishe, bado kuna kifungo kimoja sijakishona kwenye kofia niliyobaki nayo.

Ni mimi bibi yako, mwenye gunia.

Nami niliyeandika naongeza mstari wangu: leo amemeza mbele yangu, kisha akanitolea ulimi nihakikishe. Akakaa ameutoa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.