Duara Kwenye Kona ya Ukurasa

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri kaniondoa kwenye habari ya shule. Ana haki. Mlalamikaji ni dada yangu, tumbo moja. Kasema nikaandike ya maji. Nimekwenda. Maji hayatoki. Aya tatu.

Shauri lenyewe, kama ningeliandika: shule binafsi ina kibali cha mkondo mmoja. Mwenye shule, yaani dada, akajenga vyumba vinne na kufungua mkondo wa pili. Maombi ya kibali yakalala mezani miaka mitatu, mwaka huu yakakataliwa. Wanafunzi arobaini na saba wa mkondo huo wamenyimwa namba za mtihani wa mwisho. Usajili unafungwa Ijumaa, tarehe 14. Dada anaiomba mahakama iilazimishe ofisi ya elimu. Akishindwa, miaka minne ya watoto wale imekwenda na maji.

Habari nzuri. Imekosa mwandishi tu.

Jumanne, 4 Machi

Mahakamani, benchi la nyuma, kama ndugu. Mkono unatafuta kalamu wenyewe.

Imesomwa hati ya kiapo ya dada: mkaguzi wa shule alimwambia, ofisini kwa dada, ajenge na apokee wanafunzi, barua ya kibali iko njiani. Kisha hati ya mkaguzi: hakusema neno. Alipima vyumba, akaaga.

Mkaguzi huyu walimu humwita Futikamba. Hupima mlango kabla ya kumsalimia mwenye mlango. Mwaka ule wa ujenzi nilikuwa nazunguka naye wiki nzima kwa makala ya shule binafsi. Ya dada ilikuwa ya tatu siku ile. Nilipaswa kubaki garini. Niliingia.

Basi wakili wa dada akasimama, tai hadi kitovuni. Mheshimiwa Jaji, ofisini mle alikuwepo mwandishi wa habari, na aliandika. Daftari lake tunalo.

Tunalo! Hajaniuliza, hata salamu hajanipa. Jaji kaamuru: liletwe tarehe 13, mwandishi mwenyewe alisome.

Jumatano, 5 Machi

Miaka ishirini na sita ya madaftari, maboksi sita chini ya kitanda. Limepatikana boksi la nne. Nanakili:

"Ofisi ya dada, 4:20 asubuhi. Chai. Mkaguzi: Jengeni tu, kibali kitakuja. Ila mwanafunzi msipokee hata mmoja kabla ya barua. Na wewe mwandishi, hilo usiliandike."

Kona ya juu nimechora duara. Duara maana yake: haliendi gazetini, haliendi popote. Sijawahi kuvunja hata moja.

Nimesoma mara tatu. Maneno ni yale yale.

Futikamba ameapa uongo. Dada naye ameapa uongo. Ukurasa mmoja, mistari mitatu, umewakamata wote wawili.

Alhamisi, 6 Machi

Shuleni. Mkondo wa pili walikuwa kwenye somo la kemia. Vyumba vizuri, madirisha mapana, sakafu haina ufa. Niliangalia, mazoea.

Dada alifunga mlango. Nikamsomea.

"Nilisikia vizuri siku ile," kasema. "Lakini wazazi walishawaleta watoto mpaka getini. Ningewaambia nini? Rudini nyumbani, tunasubiri barua?"

"Na kiapo?"

"Kakiandika wakili."

"Sahihi ni yako."

"Wewe nawe! Ulipozaliwa ulilia kwa saa na tarehe."

Tulicheka. Kisha hakucheka tena. Akauliza kama daftari haliwezi kupotea. Nyumbani kwangu panya wapo, anajua.

Nikamwambia panya wangu hawali ushahidi. Utani mbaya. Alikuwa analia.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa kinyozi. Kiti cha jirani akaketi Futikamba, mtu asiye na nywele.

"Mwandishi, lile duara lako bado linafanya kazi?"

Duara hilo nilimwonyesha mimi mwenyewe zamani, ili aniamini. Akanikumbusha: ripoti ya bweni lililoungua nilipewa na nani? Yeye. Amebakiza miezi minane astaafu. Hakuwa na mamlaka ya kumwambia mtu ajenge. Alisema kwa wema, dada alikuwa anahangaika. Nilimwamini. Hilo ndilo baya.

"Tulia, kaka," kinyozi akasema, "nitakukata sikio."

Jumanne, 11 Machi

Nimemsomea wakili ukurasa kwa simu.

"Usingenisomea," kasema.

Ukisomwa mahakamani, shauri limekwisha, na dada anaweza kushtakiwa kwa kiapo cha uongo. Daftari lisipoletwa, Jaji atapima viapo viwili, na cha kwetu kina uzito. Watoto watapata namba zao.

Na mimi je?

"Wewe unakwenda ndani siku chache kwa kukaidi amri, mzee wangu. Lakini sijakushauri kitu. Sikukupigia simu."

Mimi ndiye niliyempigia. Hilo angalau ni kweli.

Jumatano, 12 Machi

Nimewasha kiberiti jikoni, daftari mkononi. Nikachemshia maji. Chai sikunywa.

Nimewahi kuandika kwamba shahidi "alionekana kuchanganyikiwa". Ujinga. Shahidi anaona kila kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Ushoroba wa mahakama, 3:10 asubuhi. Naandika magotini.

Wanafunzi kumi na mmoja wamekuja na sare zao. Dada wanamwita Mama, kwa hiyo mimi ni Mjomba. Msichana mmoja kaja kunishika mkono kwa heshima.

"Shikamoo, Mjomba. Ni wewe mwenye daftari la kutuokoa?"

Nimeitikia marahaba.

Futikamba yuko benchi la mbele yetu. Anazungusha futikamba mfukoni, naisikia ikijivuta na kurudi. Hanitazami.

Wakili kapita, kaniambia "kila la heri," kama anayesindikiza msafiri.

Dada kaketi kushoto kwangu. Kaniomba alishike daftari kidogo, aone mwandiko wangu wa zamani. Nimempa. Ameufungua ukurasa bila kutafuta, kidole kimeingia palepale. Anausoma taratibu, midomo inatikisika, kama mtoto anayekariri.

Saa 3:25. Karani kafungua mlango, kaita namba ya shauri letu. Wanafunzi wamesimama wote.

Nimenyoosha mkono wa kushoto. Dada hajaliachia daftari.

Karani anaita mara ya pili.