Uzi wa Kijani

Kaka,

Bado nasikia lile kopo la gesi likibingirika chini ya cherehani ya Mama, siku polisi mlipotawanya waandamanaji mtaani kwetu. Sisi wazima, na paka amezaa. Ila macho ya Mama hayajapona. Siku hizi mimi ndiye namtungia uzi kwenye sindano.

Ulifunika uso, lakini mkono uliotupa kopo dirishani ulikuwa na kiraka cha Mama kwenye kiwiko, kilichoshonwa kwa uzi wa kijani kwa kuwa wa buluu ulimwishia. Naye alikiona.

"Alikosea dirisha," anasema. "Mwache mwanangu."

Hukukosea. Ulinitazama kwanza.

Jana nilikwenda kwa wakili wa majeruhi, nikamtajia jina lako. Mama hanisemeshi tena; ananinyooshea sindano tu.

Mdogo wako