Mguu Uliolala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Tangu Jumanne natembea na sauti moja masikioni: kikohozi kifupi, kisha kimya upande mmoja, kama cherehani yako mkanda unapokatika katikati ya mshono. Kabla sijaeleza, mimi ni mzima, sina hata mkwaruzo. Shika neno hilo unaposoma. Goti lako linasemaje? Baba bado anakufichia miwani?

Tulikuwa wawili, mimi na mwalimu wangu wa urubani, ndani ya ile ndege ndogo ya injini mbili. Magurudumu yalikuwa ndiyo kwanza yameacha ardhi, injini moja ikazimika. Pua ikavutwa kulia. Nikakanyaga pedali ya kushoto kwa nguvu zote, nikashusha pua kidogo tusipoteze mwendo. Tunafundishwa kwamba mguu usio na kazi ndio unaoonyesha injini iliyokufa, nayo huzimwa kabisa ili pangaboi lake lisituburute. Lakini Mama, mkono wangu ulikuwa umeshashika kishikio cha injini iliyo hai, ya kushoto. Ningekivuta, nisingekuandikia.

Hapo nikakuona akilini, na mkasi juu ya kitambaa cha mteja. Hukati mpaka utaje kwa sauti unachokata. Nikataja: mguu wa kulia umelala, nazima ya kulia. Mkono ukahama wenyewe. Tukazunguka polepole na injini moja, tukatua tulipoanzia.

Mwalimu, ambaye hajawahi kunisifu, aliuliza nani alinifundisha kuzikaripia injini. Nikamwambia ni fundi cherehani. Akasema nikuulize kama una nafasi ya mwanafunzi mzee. Fundi wa ndege naye alicheka mpaka akakaa chini, kwa kuwa nilisimama pale kwenye lami na mguu wa kushoto bado unakanyaga. Nami nilicheka, Mama, kama sijawahi kucheka maishani.

Sasa la kukiri. Nilikuahidi kwamba siku ndege ikinikoholea nitarudi nyumbani tushone pamoja, na najua umeshaniwekea kiti dirishani. Nimeigeuzageuza ahadi hiyo kichwani siku nne nzima. Sikuweza kuitimiza, na sitaki kukudanganya kwamba nilijaribu sana.

Msalimie Baba, umwambie arudishe miwani. Wasalimie na wateja wako wasiolipuliwa kazi.

Injini imepona. Leo asubuhi nimepanda ndege ileile, nikaruka peke yangu. Kile kiti mwekee mwalimu.

Ni mimi mwanao,
Sindano