Kiti cha Gitaa

Orange Mound, Memphis
Jumatatu, 14 Juni

Dada yangu Verdell,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji na watoto wote huko Detroit. Mguu wako unaendeleaje? Natumaini daktari amekuruhusu kuiacha ile fimbo. Huku hatujambo, ila joto limetukaba koo, na mimi nina hasira tangu juzi, kwa hiyo usinilaumu kwa mwandiko. Ningepiga simu, lakini unajua Baba akisikia jina lako huja kukaa ubavuni mwangu asikose neno.

Nilimpeleka Beale Street, mtaa wake wa muziki wa ujanani, kama ulivyoamuru. Nasema uliamuru kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: "Maxine, mzee anatimiza miaka themanini na minne, mpeleke akapige gitaa lake pale hata wimbo mmoja, kabla mkono haujakataa kabisa." Kitanda usichokilalia, Dada, hujui kunguni wake. Wewe ulikata simu ukaenda kupika. Mimi ndiye niliyemsikiliza majuma matatu akirudia wimbo uleule kila alfajiri, na ule mkono wa kushoto uliopigwa na kiharusi ukiteleza palepale, naye akianza upya.

Tulifika Jumamosi saa tisa mchana. Kutafuta pa kuegesha gari tu kulinimaliza. Getini mlinzi alitaka boksi la gitaa lifunguliwe, Baba akamwambia kwamba yeye alikuwa akiingia mtaa huu kabla mama yake mlinzi hajaota meno. Mlinzi akacheka, akasema, "Sawa babu, lakini fungua." Baba akafungua huku amenuna. Kisha akaanza kunionyesha maduka yasiyokuwepo: hapa alinyolewa, pale alishonewa suti yake ya kwanza, kule aliweka gitaa rehani mara mbili. Mimi niliona fulana zinauzwa na watalii wanapiga picha kila nguzo. Nilisema ndiyo Baba, ndiyo Baba, mpaka ulimi ukachoka.

Tuliingia kwenye baa moja iliyokuwa na bendi ya watu wanne. Kiongozi wao, mwanamume wa makamo aitwaye Roderick, alikuwa na sauti nzuri, siwezi kumnyima haki yake. Nilimwambia Baba niende nikamwombe amruhusu kupanda jukwaani. Weee! Alinitazama kana kwamba nimemtukana marehemu Mama. Akanikumbusha kwamba mpiga gitaa haombi. Anakuja na gitaa lake, analiwekea kiti, linakaa likiitazama bendi, naye anakula zake kimya. Kiongozi mwenye adabu ataliona na kumwita mwenyewe. Ukiomba, umekwisha kujitangaza kuwa hujui kupiga. Nikamuuliza ni nani leo anayajua hayo. Akasema, "Anayepaswa kujua anajua."

Basi gitaa likapewa kiti. Mhudumu alikuja mara tatu kukitaka, maana watu walikuwa wamesimama. Mara ya kwanza Baba alimwambia kwa upole, "Hapo pana mtu, binti." Mara ya pili mhudumu akauliza huyo mtu anakunywa nini. Mara ya tatu niliagiza chai baridi ya sukari ikawekwa mbele ya gitaa, ili mradi tuachwe. Saa kumi ikapita, kumi na moja ikapita. Bendi ilipumzika, ikarudi. Kila wimbo ulipoisha Baba alijifuta mikono kwa kitambaa na kuketi wima, kisha wimbo mwingine ukaanza bila yeye. Nilitaka kupiga kelele. Sijui nani nilimchukia zaidi, bendi, au yeye na adabu zake, au wewe.

Tulitoka saa moja. Jana kanisani Baba akamwambia Mchungaji Askew kwamba kuanzia Jumapili ijayo gitaa ni la kanisa, yeye hana kazi nalo tena, kwa kuwa Beale hajabaki hata mtu mmoja anayejua maana ya gitaa kwenye kiti. Kina mama wakamwonea huruma, wakawalaani vijana wa siku hizi. Nami nilisimama pale nikanyamaza.

Sasa Dada, keti chini. Roderick aliliona.

Ilikuwa baada ya yale mapumziko yao. Baba alikuwa ameinamia sahani akipambana na kambare wake. Kipande kilikuwa kimemponyoka kwenye uma mara mbili, na vijana wa meza ya jirani walikuwa wamecheka. Roderick alilitazama gitaa, akamtazama Baba, halafu akanitazama mimi na kuinua kidevu, akiuliza. Aliijua desturi yote, hata ile ya kutomshtua mzee anapokula. Nikatikisa kichwa kukataa. Akagusa ukingo wa kofia yake kwa heshima, akaanzisha wimbo mwingine.

Nilijiambia namkinga Baba asichekwe. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba, nikawaza kwamba akipanda hatutaondoka mpaka usiku. Baadaye nilitamani Roderick aulize tena. Hakuuliza, na mimi sikuinuka kwenda kumwambia.

Leo asubuhi Baba aliniita. Akaniambia nisihuzunike, kwamba kama Beale imemsahau, angalau binti yake alikaa naye saa nne nzima bila kunung'unika. Alinishukuru, Verdell. Alinishika mkono kwa ule mkono wake mbovu, akanishukuru. Nikasema chungu kinaungua, nikakimbilia jikoni, wala sikuwa nimepika kitu.

Nitamwambia kabla ya Jumapili, gitaa lingali nyumbani. Nakuomba usinitangulie kwa simu. Acha alisikie kwangu, maana anatembea mtaa mzima akisema hakuitwa, na watu wanamwitikia. Aliitwa. Mimi ndiye niliyemjibia hapana.

Wasalimie wote waliomo nyumbani mwako, na mbusu yule mdogo kwa niaba ya mama yake mdogo. Uniombee nipate mdomo wa kusema.

Ni mimi mdogo wako,
Maxine