Usiulize Katunga Nani

Uyole, Mbeya
4 Machi 2024

Mwanangu Esnath,

Ugonile? Hapa tu wazima. Viazi vimetoka vizuri, ila goti linanisumbua na baridi hii. Naandika kwa sababu simu yako sitaipokea. Nikisikia tu "shikamoo shangazi" moyo wangu utalegea, nami sitaki ulegee.

Kitabu chako kimefika, Lusekelo wa jirani amenisomea, maana herufi zake ni ndogo. Kumbe hiyo ndiyo kazi yako chuoni Iringa: mashairi ya Waingereza wa miaka mia nne iliyopita, yale ambayo aliyeyatunga hajulikani, na mmoja wao, mwanamke, umempata ukampa jina. Haya. Mimi nimeingiaje humo? Umeweka wimbo wetu wa matanga ya marehemu mume wangu, na chini yake, "Mtunzi: Sekela, mjane, Uyole." Nani alikutuma?

Wimbo wenyewe unaujua:

Aliyelia kuliko wote kaburini,
asubuhi ana kamba, anapima shamba.

Shemeji Jailos alipotaka kuninyang'anya shamba, ni wimbo huo uliomrudisha nyuma. Wanawake waliuimba bombani, mashineni, hata harusini. Miaka yote hii hakuthubutu kuuliza katunga nani, maana anayeuliza amekiri kwamba kamba ni yake. Sasa hana haja ya kuuliza. Wewe umemjibu.

Shangazi yako,
Sekela


Iringa
11 Machi 2024

Shikamoo shangazi,

Pole na goti. Nimekutumia dawa ya kuchua kwa basi. Huku sisi hatujambo, ila upepo wa Iringa unatupasua midomo.

Barua yako imeniumiza, na sifichi, imenikasirisha. Unajua nimesoma mashairi mangapi ya wanawake wa Kiingereza wa enzi zile? Mama anamlilia mtoto, mke anamsuta mume, maneno yanachoma hadi leo, na chini wameandika tu: hajulikani. Mengine wakapewa wanaume. Wapo wasomi wanaobisha mpaka sasa kwamba mwanamke hakuweza kuandika vile.

Na mama yangu je? Nyimbo ngapi mnazoimba kanisani ni zake? Alipofariki niliwauliza ni zipi, mkaniambia "ni za wote." Sina hata mmoja wa kusema huu ni wa mama. Nikaapa kwamba shangazi yangu hatapotea hivyo. Nilidhani utafurahi. Badala ya asante nimefokewa kama mwizi.

Mwanao,
Esnath


Uyole
25 Machi 2024

Mwanangu,

Habari za huko? Dawa nimeipata, nimejichua, asante. Hiyo ndiyo asante uliyoitaka. Nyingine sina.

Jailos ametembeza kitabu chako ukoo mzima. Anasema, "Kumbe hayakuwa maneno ya watu! Ni ya mjane mmoja mwenye tamaa ya shamba." Na watu wanaitikia. Wanawake walioimba nami sasa wanasema wao walifuata tu sauti. Ulipoliweka jina langu, wengine wote umewatoa, nimebaki peke yangu mbele ya yule mtu.

Huyo Mwingereza wako, ulimuuliza kama alitaka kujulikana? Labda naye alikuwa na shemeji.

Kikao cha ukoo ni Alhamisi baada ya Pasaka. Njoo useme ulikosea, mtunzi humjui. Neno hilo tu. Wewe msomi, watakusikiliza. Shamba lile ndilo linalonilisha, na mume wangu amelala mle. Sijawahi kukuomba kitu tangu nikubebe mgongoni.

Shangazi yako anayekusubiri,
Sekela


Iringa
1 Aprili 2024

Shikamoo shangazi,

Heri ya Pasaka. Natumaini mlisali salama.

Alhamisi sitakuja. Usidhani ni dharau. Nikisimama pale niseme mtunzi simjui, nimesema kitabu changu ni cha uongo, na kitabu hicho ndicho kilichonipa udaktari. Wapo wanaonivizia hapa chuoni nijikwae. Jina langu litakuwa limekwisha, shangazi, na nimelihangaikia tangu ujana.

Nitakutafutia wakili. Lakini na wewe nikuulize: maneno ni ya kweli, unaogopa nini? Simama uyaseme kwa kinywa chako. Nimechoka na wanawake wa kwetu kujificha.

Mwanao anayekupenda,
Esnath


Iringa
19 Agosti 2024

Shikamoo shangazi,

Sijui kama barua zangu unazisoma au unawashia moto. Lusekelo ameniambia yote. Kwamba wazee walimpa Jailos shamba, na kaburi humo humo. Kwamba wakili wangu ulimfukuza. Kwamba umepanga chumba Igawa, kando ya barabara kuu, unapepeta mchele wa watu.

Leo nilikwenda sokoni kununua mchele. Palikuwa na mama mmoja ameshuka na magunia kutoka Igawa. Alikuwa anapima huku anaimba, wenzake wanaitikia:

Kamfufua Mzungu kaburini, kampa jina;
shangazi yu hai kamfukia, kalinda lake.

Wakacheka sana. Hawanijui. Shangazi, hasira zilinipanda. Mimi! Mimi niliyekupigania, leo naimbwa sokoni kwenye mizani! Ni uonevu. Nilitaka nibishe pale pale, neno kwa neno.

Nikamsogelea yule mama nimuulize wimbo huo katunga nani. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Akaacha kuimba, akanitazama.

"Unasemaje, dada?"

Nikamwambia nataka kilo mbili.

Mwanao