Gobore la Baba na Chandarua

Yunis, usinipigie, sitaweza kuongea. Soma tu.

Lile gobore la baba, lile tunalotundikia chandarua tangu aache kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori, leo nimelipeleka polisi. Si walitangaza kwamba anayesalimisha kwa hiari haulizwi kitu? Nikalifunga kwenye khanga, nikapanda bodaboda, mwanangu Noela mgongoni, gobore mapajani. Mashimo yote yale kutoka Kisawasawa hadi Ifakara!

Afande ananiuliza, "Mama, lina kitu?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Afande, hilo ni la kutundikia neti tu." Nilicheka, Yunis!

Akachukua ufito, akautumbukiza kwenye mtutu. Ukagota. Akaubana kwa kidole pale mdomoni mwa mtutu, akautoa, akaulaza juu ya mtutu kupima: haukufika mwisho, ukapungua karibu shubiri nzima. Akaniambia taratibu, kama anaongea na mgonjwa, "Sogea nyuma, mama. Limeshindiliwa."

Limeshindiliwa! Baruti na vipande vya nondo!

Miaka mitatu mwanangu analala chini ya kitu hicho. Kila asubuhi anaivuta ile neti, anabembea nayo huku anaimba. Hata wewe Pasaka ulilala pale.

Nikampigia baba palepale. Hata shikamoo sikutoa. "Baba, mbona hukusema lina baruti?"

Akanijibu kwa sauti ileile ya kuniulizia habari za mpunga: "Nguruwe hawasubiri mtu ashindilie. Kwani wewe, siku unalitundika, uliniuliza?"

Sikumuuliza, Yunis.