Chupa Nyekundu ya Mama

Penang, siku chache kabla ya Cheng Beng

Dada yangu mpendwa Siew Gaik,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la shemeji limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mvua haikatiki, nami bado nagombana na watu gazetini kama ulivyonizoea.

Uliniuliza mama alipenda kula nini miezi yake ya mwisho hapa kwangu, ili tumwandalie kaburini tukizuru makaburi siku ya Cheng Beng. Kwenye simu nilijifanya sikusikii vizuri. Nilikusikia.

Unakumbuka vita vyangu vya gazetini na Mwalimu Rosdi juu ya neno kechapu. Yeye alisema Waingereza walilipata kwa Wamalay. Mimi nikasema ni letu sisi Wachina wa Hokkien, ke-chiap, sosi ya samaki waliochachushwa kwa chumvi. Mabaharia walibeba neno wakaacha samaki, wakatia uyoga, mwishowe nyanya na sukari. Rosdi akajibu kwa upole kwamba huenda lilipitia milango yote miwili. Nikamwita kibaraka.

Kisha nikamtia mama vitani. Niliandika kwamba mama yangu, mwenye miaka themanini na ushei, hajawahi kuonja ile sukari nyekundu. Anakula sosi ya mababu tu. Wasomaji walifurahi mno. Wengine walikuja nyumbani na chupa za sosi ya samaki, wakapiga naye picha, naye akawashukuru.

Dada, mama alikuwa na chupa yake ya nyanya jikoni. Alimwagia mayai, tambi, hata uji. Niliitupa, wageni wasije wakaiona. Akalalamika kwamba ile ya samaki inanuka gati la Kuala Kurau, alikokuwa akipara samaki tangu utotoni, na kwamba aliila kwa umaskini, si kwa kupenda. Nikamhutubia historia nzima ya lile neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akanisukumia bakuli.

"Haya, Hoe, neno chukua wewe," akasema. "Mimi nirudishie chupa yangu."

Sikumrudishia. Na uliponiuliza kwa nini anakonda, nikakwambia ni uzee.

Tulipokwisha kumzika nilitandua kitanda chake. Ndani ya foronya mlikuwa na vipakiti vya kechapu, vile vya duka la kuku wa kukaanga. Vingine alishavikamua, akavikunja vizuri. Jirani yetu Kamala ndiye aliyekuwa akimletea. Nilipomuuliza, alisema mama alimkataza kumwambia mtu, nisije nikaaibika.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Mayai kaanga wewe. Chupa nitaleta mimi, nami nitaifungua mbele ya wajomba, ambao wote walisoma makala yangu. Kama hutaki nikanyage pale, niambie, nitampa Kamala ailete.

Nisalimie shemeji na watoto. Wasiambiwe bado, au waambie, utakavyoona mwenyewe.

Mdogo wako,
Teik Hoe